Sura ya Sita: Kiti cha Ruwej

Rukan ni bangili. Mtu asiyeijua, akiiona mkononi mwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, anaweza kuipita bila kuitazama mara ya pili. Haina dhahabu wala kito, na haing'ai. Imesokotwa kwa mishipa ya binadamu na kukazwa duara kuzunguka kifundo cha mkono. Lakini katika nchi zote zilizowahi kupeleka ushuru Musumba, mji wa mfalme huyo, kuanzia mto Kwango huko Angola hadi bonde la Luapula, hapajakuwa na ufalme bila bangili ya namna hiyo. Mwana wa mfalme anaweza kuwa na mali, wafuasi na ushujaa wa vita. Asipovishwa rukan, bado ni mwana wa mfalme tu.

Masimulizi ya Walunda yanakubaliana juu ya jambo moja kuhusu bangili hii. Kabla haijamfikia mwanamume yeyote aliyeitwa Mwant Yav, ilivaliwa na mwanamke. Jina lake ni Ruwej, binti Nkond. Wengine humwita Lueji, na Waangola wamekipa jina lake chuo kikuu cha umma huko Dundo, Chuo Kikuu cha Lueji A'Nkonde, kilichoanzishwa mwaka 2009. Sura hii inamhusu yeye na wanawake waliokikalia kiti chake baada yake, kwa sababu bila wao historia ya mkoa wetu wa Lualaba, hapa Kongo, inakuwa historia ya nusu ya watu.

Tuanze na kisa chenyewe, kama kinavyosimuliwa katika nchi ya Waruund, ile nchi ya asili ya Walunda karibu na mto Kalanyi, katika eneo ambalo leo ni teritwari ya Kapanga, kaskazini-magharibi mwa mkoa.

Nkond alikuwa mzee wa heshima miongoni mwa wazee wenye ardhi walioitwa atubung. Siku moja alikuwa ameketi akisuka mkeka. Ukindu ulikuwa umelowekwa kando yake ndani ya chungu, na maji yalikuwa yamebadilika rangi, yakawa meupe meupe. Wanawe wawili wa kiume, Chinguli na Chinyama, wakarudi nyumbani wamelewa. Walipokiona chungu kile walidhani ni mvinyo wa mchikichi ambao baba yao anaunywa peke yake akiwanyima wao. Wakamkemea, wakamtukana, kisha wakampiga. Katika masimulizi mengine mzee alikufa kwa kipigo hicho. Katika mengine aliishi muda wa kutosha kutoa hukumu. Binti yake ndiye aliyemwinua chini, akamwosha majeraha, akakaa naye. Nkond akawaita wazee wenzake wawe mashahidi, akawanyima wanawe urithi, na rukan akamwachia Ruwej.

Inafaa tusimame kidogo kwenye mkeka ule. Mzee hapigwi vitani wala akiwa kwenye baraza. Anapigwa akiwa kazini, akifanya kazi ya subira, na vijana hawakujali hata kuuliza kilichomo chunguni. Walunda, katika kueleza kwa nini mwanamke alitawala, hawakusema kwamba hapakuwa na mwanamume. Walikuwepo wawili, tena wakubwa. Walisema kwamba wanaume wale walikosa sifa ambayo utawala hauwezi kusimama bila hiyo, yaani kujizuia, na dada yao alikuwa nayo. Kisa kinaweka kipimo cha uongozi kwanza, kisha kinamtafuta mtu anayekifikia, na mtu huyo anakuwa binti.

Ruwej akatawala pamoja na wazee wa atubung. Kisha akaja mgeni kutoka mashariki, Chibind Irung, mwindaji wa damu ya kifalme ya Waluba, mwenye upinde na shoka la chuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kijana huyu alikuwa na adabu ya mezani, alikuwa na nyama ya kugawa, na alijua jinsi wafalme wa Uluba wanavyoendesha baraza. Ruwej akaolewa naye. Zikafika siku ambazo mila ilimtaka mwanamke akae pembeni kwa sababu ya hedhi, na ikasemwa kwamba hapaswi kuigusa rukan katika hali hiyo. Akamvisha mumewe. Ndugu zake walipoiona bangili ya baba yao mkononi mwa mgeni walikataa kuishi chini yake. Chinguli akaelekea magharibi, na Waimbangala wa Angola wakamhesabu kuwa babu yao. Chinyama akaelekea kusini-magharibi, na Waluvale wanajitaja kuwa wazao wake.

Ruwej hakujaliwa mtoto. Hili lingeweza kuwa mwisho wa habari yake, kama lilivyokuwa mwisho wa habari za malkia wengi duniani. Badala yake alimtafutia mumewe mke mwingine, Kamong, na mtoto wa Kamong ndiye aliyeanzisha ukoo wa Mwant Yav. Kwa hiyo mfalme wa kwanza aliyebeba cheo hicho hakutoka tumboni mwa Ruwej. Alitokana na uamuzi wake.

Wataalamu wamekibishania kisa hiki kwa miaka mingi. Jan Vansina alikitumia katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya falme za savana kama dirisha la kutazama jinsi mawazo ya utawala wa Kiluba yalivyoingia Ulunda. Luc de Heusch, mwaka 1972, alikisoma kama ngano inayopanga maana za ulevi na kiasi, maji na moto, mgeni na mwenyeji. Joseph Miller, mwaka 1976, akasema majina haya huenda hayakuwa ya watu binafsi bali ya vyeo, kwamba Chinguli ni cheo kilichohama na watu wake, na ndoa ya Ruwej na Chibind ni muungano wa tawala mbili uliosimuliwa kwa lugha ya nyumbani.

Mimi sioni haja ya kumkasirikia yeyote kati yao. Hata tukikubali kwamba Ruwej ni cheo kuliko mtu, bado lipo la kuuliza: kwa nini jamii nzima, ilipotaka kueleza chanzo cha mamlaka yake, ilichagua kuyapitisha katika mkono wa mwanamke? Jibu liko katika mpangilio wenyewe wa ufalme, na mpangilio huo si ngano. Wageni waliofika Musumba karne ya 19 waliukuta ukifanya kazi, na vyeo vyake vingali hai.

Walunda walikuwa na utaratibu ambao Ian Cunnison, aliyefanya utafiti kwa Mwata Kazembe wa Luapula katikati ya karne ya 20, aliueleza kwa makini. Mtu anaporithi cheo, harithi kazi tu. Anarithi jina, undugu na historia ya yule wa kwanza. Chifu wa leo anaweza kusimulia safari ya babu aliyeishi miaka 200 iliyopita kwa kusema "mimi nilivuka mto", "mimi nilipigana", na wasikilizaji wake hawashangai. Machifu wawili ambao mababu zao walikuwa kaka na mdogo wake wataitana kaka na mdogo milele, hata kama leo hawana damu moja na mdogo ana mvi nyingi kuliko kaka. Undugu umefungwa kwenye kiti, na anayekikalia ndiye anayeubeba.

Kwa utaratibu huo Ruwej hakufa. Kiti chake kinaitwa Nswan Murund, na kila mwanamke anayekipokea anakuwa Ruwej, mama wa Walunda wote. Kando yake kuna kiti kingine kikubwa, Rukonkesh, ambaye ni mama wa Mwant Yav. Hapa msomaji asichanganye mambo. Rukonkesh hahitaji kuwa amemzaa mfalme. Anaweza kuwa na umri mdogo kuliko yeye. Ni mwanamke wa damu ya kifalme aliyechaguliwa na kusimikwa, na tangu siku hiyo mfalme humwita mama, humheshimu kama mama, na hana ruhusa ya kumfanyia lile asiloweza kumfanyia mama. Mke mkuu wa mfalme ni mwingine kabisa, naye ana cheo chake, Mwadi. Musumba inatenganisha wazi mwanamke mwenye cheo kwa sababu ya ndoa na mwanamke mwenye cheo kwa sababu ya kiti.

Mjerumani Paul Pogge alifika Musumba mwishoni mwa mwaka 1875 na kukaa miezi kadhaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1880. Alikuwa mtu wa zama zake, mwenye macho ya mgeni na dharau za mgeni, lakini jambo moja lilimshangaza kiasi cha kuliandika kwa urefu: katika mji ule hapakuwa na mtawala mmoja. Rukonkesh alikuwa na baraza lake, maofisa wake, nyumba zake na watu wake. Alikuwa na vijiji vilivyomletea ushuru yeye, si mfalme. Mfalme mpya hakuweza kuthibitishwa bila yeye kukubali, na yeye vilevile hakuweza kuthibitishwa bila mfalme. Mwanamume aliyekuwa mume wake hakuwa na amri juu yake.

Mwangalie sasa mwanamke huyu anapofanya kazi. Musumba ya wakati ule ni mji uliopangwa kwa ramani inayojulikana na kila mtu. Wenyeji wanaufananisha na kobe, mwenye kichwa, mbavu, miguu na mkia, na kila mkuu anajua nyumba yake iko sehemu gani ya mwili huo. Mfalme mpya akitawazwa, mji hujengwa upya mahali pengine, si mbali, katika nchi ile ile kati ya Kalanyi na Lulua, na ramani haibadiliki. Ua wa Rukonkesh una mahali pake katika ramani hiyo. Misafara ya ushuru inapoingia kutoka mikoani, ikiwa na chumvi, nyama kavu, vitambaa vya ukindu, shaba na pembe za ndovu, sehemu yake inaelekea kwake. Wanaokuja kumwona wanapiga magoti, wanajipaka vumbi kifuani na mikononi, wanapiga makofi ya heshima, kisha ndipo wanaeleza shida. Na shida hizo si za jikoni. Ni kesi za mipaka, madai ya urithi, malalamiko dhidi ya mkuu wa wilaya aliyezidisha ushuru. Aliyekosa haki kwa mfalme ana mlango wa pili wa kubisha, na aliye nyuma ya mlango huo hamtegemei mfalme kwa chakula.

Hilo la mwisho ndilo moyo wa sura hii. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Kuna falme nyingi zilizomsifu mama wa mfalme, zikamkalisha kwenye ngozi ya chui, zikamwimbia, na zisimpe hata shamba. Heshima ya namna hiyo hudumu kwa kadiri mfalme anavyotaka. Walunda walifanya zaidi ya kusifu. Walimpa Rukonkesh ardhi na ushuru, kisha wakampa kauli katika kumchagua mfalme. Maneno yake yalikuwa na uzito kwa sababu hakuyasema akiwa anaomba.

Tukipima hili kwa majirani, tofauti inaonekana vizuri. Wangoni, ambao Zwangendaba aliwavusha mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, walikuwa na mfumo wenye nguvu kwa namna nyingine. Wake wakubwa wa mfalme walikuwa na nyumba zao, na nyumba hapa ina maana ya kijiji kizima chenye vikosi, ng'ombe na watu walioandikishwa humo. Mrithi alitokana na nyumba kuu, kwa hiyo malkia wa Kingoni alikuwa nguzo ya urithi na ya jeshi kwa pamoja. Lakini nguvu yake ilisimama juu ya ndoa na juu ya mwana. Zwangendaba alipofariki huko Ufipa katika miaka ya 1840, ushindani wa nyumba ulilipasua taifa lake vipande, na vipande hivyo vikatawanyika hadi Zambia, Malawi na Songea. Huko Songea ndiko alikoishi Mkomanile, mwanamke mtawala ambaye mwaka 1905 aliipokea dawa ya maji na kuingia katika vita vya Maji Maji. Wajerumani walimnyonga. Watanzania hawajamsahau, nasi wa upande huu wa maziwa tungefanya vema kumjua, kwani hakufa akiwa mke wa fulani. Alikufa akiwa kiongozi.

Karibu zaidi na sisi kuna Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya mkoa huu huu wa Lualaba. Msiri, mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka Tanzania ya leo, alijenga hapo dola ya Garenganze kwa shaba, pembe na bunduki. Alioa mamia ya wanawake, na ndoa hizo zilikuwa kamba za kuwafunga machifu kwake. Mmoja wa wake zake maarufu, Maria da Fonseca, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa njia ya Angola, na kupitia ndoa hiyo Msiri alijihakikishia njia ya baruti. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Maria hakuwa na kiti cha kumlinda baada ya mumewe, na hakuishi muda mrefu, aliuawa. Madaraka yaliyotokana na ndoa yalikwisha ndoa ilipokwisha. Huko Musumba, mfalme alipokufa, Rukonkesh aliendelea kuwa Rukonkesh.

Mila hii ya Walunda ilisafiri. Wandembu, walioondoka Musumba kuelekea kusini na ambao wenzao wako hadi leo katika vijiji vya upande wa Kolwezi na Mutshatsha, waliibeba bangili pamoja nao. Victor Turner, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza jinsi chifu mkuu wa Wandembu wa Zambia, Kanongesha, anavyosimikwa. Usiku wa kuamkia kusimikwa, chifu mteule huingizwa katika kibanda kidogo cha majani nje ya kijiji pamoja na mwanamke mmoja, mke wake mkubwa au mwanamke maalumu wa ibada ambaye huitwa kwa jina la bangili yenyewe. Kila mmoja amevaa kitambaa kibovu tu kiunoni, na wote wawili huketi wameinama. Watu wanaruhusiwa kumwambia chifu kila ubaya aliowahi kuwafanyia: uchoyo wake, hasira yake, dharau yake. Anayesikiliza hana haki ya kujibu wala kulipiza baadaye. Somo analofundishwa ni lile lile walilolikosa Chinguli na Chinyama, yaani kujizuia, na mwanamke anakaa hapo kama shahidi kwamba mamlaka hayaanzi kwa mwanamume peke yake.

Kwa Waluvale, mbegu ya Chinyama ilizaa kiti kingine cha mwanamke. Nyakatolo ni cheo cha malkia mtawala, na huko Moxico, Angola, wanawake wamekishika kwa vizazi. Mpaka uliochorwa na Wazungu umepita katikati ya watu hawa, lakini Mluvale wa Kolwezi anajua Nyakatolo ni nani.

Ni nini basi kilichokipunguza kiti cha Rukonkesh? Kwanza, vita. Katika miaka ya 1880 Wachokwe, waliokuwa wametajirika kwa nta, mpira, pembe na bunduki, waliingia kati ya wana wa kifalme waliogombana, na Musumba ikachomwa. Vijiji vilivyolipa ushuru vikakimbia au vikatekwa. Mreno Henrique Dias de Carvalho alipofika huko mwaka 1887 alikuta ufalme uliojeruhiwa vibaya. Kiti kisichopokea ushuru hubaki jina, na pigo hili liliwapata mfalme na Rukonkesh kwa pamoja. Mwaka 1898 ndugu wawili, Mushid na Kawele, walianza kuirudisha nchi mikononi mwa Walunda kwa vita, kisha wakapambana na dola ya Leopold na warithi wake.

Pigo la pili lilikuja kimya kimya, nalo lilichagua. Utawala wa Kibelgiji ulitaka chifu mmoja, mwanamume mmoja, mwenye medali kifuani, wa kukusanya kodi na kutoa vibarua. Vibarua walihitajika mno: kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na migodi ya shaba ilikuwa inameza watu. Mwant Yav alitambuliwa, akapewa mshahara na mipaka ya cheferi, yaani eneo la utawala wa chifu. Katika daftari la msimamizi wa wilaya, ukurasa wa chifu ulikuwa na nafasi ya jina moja. Hakuna aliyetoa amri ya kumwondoa Rukonkesh. Mwanamke huyo alibaki kwenye sherehe, akaheshimiwa, akapigiwa magoti. Ila kodi mpya ilipita mbali na ua wake. Ule mlango wa pili wa kubisha ulibaki wazi, lakini aliyekuwa nyuma yake hakuwa tena na mapato yasiyomtegemea mtu.

Watu wa Kapanga, Sandoa na Dilolo walishuka kufuata reli na kazi, wakajenga maisha Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Ufalme nao uliendelea kugusa siasa za nchi. Moïse Tshombe, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, alizaliwa Musumba na kuoa binti wa Mwant Yav. Vita vya mwaka 1977 na vile vya Mei 1978, vilivyoifanya Kolwezi ijulikane duniani kwa huzuni, viliwahusu wapiganaji wengi wa Kilunda waliorudi kutoka Angola. Katika simulizi zote hizo wanaume ndio wanaotajwa. Mabinti wa Musumba wanatajwa kama wake.

Leo suala limerudi kwa sura mpya, nalo ni la fedha. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrahaba wa madini hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa mkoa, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% kwa utawala wa mtaa ambao mgodi upo katika ardhi yake. Mwaka huo huo kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mrahaba wake ukawekwa 10%. Kwa mujibu wa katiba, utawala huo wa mtaa unaweza kuwa jiji, komini, sekta au cheferi. Komini ya Dilala, moja ya komini mbili za Kolwezi, ni utawala wa namna hiyo. Cheferi nazo ni hivyo hivyo, na mkuu wa cheferi ni chifu wa mila. Kwa maneno mengine, kwa mara ya kwanza tangu ushuru wa chumvi na shaba uliokwenda Musumba, sheria imerudisha mapato ya ardhi mlangoni mwa kiti cha jadi.

Sasa tuulize swali ambalo wazee wa atubung wangeuliza: ni nani mwingine mwenye kauli juu ya mapato hayo? Katiba ya 2006, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya mila maadamu haipingani na katiba na sheria, na kifungu cha 14 kinataka usawa wa mwanamke na mwanamume katika taasisi. Sheria ya Agosti 2015 juu ya hadhi ya machifu wa mila ilipitishwa mwezi ule ule na ile ya usawa wa jinsia. Mara nyingi husemwa kwamba sheria hizi mbili zinagombana, kwamba usawa ni jambo la mjini na mila ni ya wanaume. Nani alisema hivyo? Katika Ulunda, mila yenyewe inakanusha. Mwanamke kutawala, mwanamke kuwa na maofisa na hazina yake, mwanamke kumkubali au kumkataa mrithi: hayo yote yalikuwepo Musumba kabla ya Mbelgiji kufungua daftari lake. Anayemweka mwanamke nje ya baraza la cheferi kwa jina la mila anafuata desturi ya ofisi ya kikoloni huku akidhani anamfuata babu yake.

Mkoa wa Lualaba wenyewe, uliozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, unaongozwa na mwanamke, Fifi Masuka Saini, aliyekaimu ugavana tangu 2021 na kuchaguliwa 2024. Yaliyo mema na yaliyo mapungufu katika uongozi wake wananchi watayapima kwa kazi yake, kama inavyopasa kwa gavana yeyote. Lakini mzee anayeshangaa kumwona mwanamke kwenye kiti cha mkoa huu amesahau ni mkono wa nani uliovaa rukan.

Ninalolipendekeza si kumrudisha mtu kwenye enzi za utumwa na vita, kwani Musumba ya zamani ilikuwa na dhuluma zake, na misafara yake ilibeba binadamu pamoja na pembe. Ninapendekeza tuchukue kutoka kwake kanuni iliyothibitishwa kwa vizazi: mamlaka yagawanywe, na kila sehemu ipewe riziki yake. Cheferi inayopokea mrahaba wa shaba na kobalti iwe na sauti ya pili yenye bajeti yake, yenye haki ya kuona hesabu na kukataa matumizi mabaya, na mwanamke mwenye cheo cha jadi aishike kwa haki, si kwa hisani. Panapokuwa na Rukonkesh au Nswan Murund, kiti kipo tayari na jina lake linajulikana. Pasipokuwa naye, baraza linaweza kumchagua mwanamke kwa utaratibu ambao watu wanaukubali.

Chinguli na Chinyama walipoteza ufalme kwa sababu walidai kilichomo chunguni kabla ya kujua ni nini. Katika ardhi yenye kobalti nyingi kuliko mahali pengine popote duniani, madai ya haraka ni mengi, na wanaopigwa kwanza ni wale waliokaa kimya wakifanya kazi. Walunda walishajua dawa yake: mpeni rukan yule aliyeonyesha kwamba anaweza kujizuia, kisha mwekeeni pembeni mtu wa pili asiyemwogopa.